DAKTARI ALIYEJIFUNZA KWA PAKA: MAISHA YA NIELS FINSEN

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya mashujaa wa vita, ya watawala na ya washairi wakubwa. Mimi siwakatai hao, la hasha! Lakini safari hii naomba nipishwe kidogo nimlete mtu ambaye hakushika bunduki wala hakukalia kiti cha enzi. Alikuwa mgonjwa karibu maisha yake yote ya utu uzima, akafa akiwa na umri wa miaka 43 tu. Kazi iliyompa sifa duniani ilihusu kitu ambacho sisi wa Kenya tunakikimbia kila adhuhuri na kujibanza chini ya mwembe, yaani jua.

Jina lake ni Niels Ryberg Finsen. Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1860 katika mji wa Tórshavn, ambao ni mji mkuu wa Visiwa vya Faroe. Ukitaka kuviona visiwa hivyo kwenye ramani, tafuta Uskoti, halafu Norwe, halafu Aisilandi. Katikati ya hizo tatu, baharini kabisa, utaona vidoti kama punje za mtama. Basi ndivyo hivyo. Viko 18 na vimo katika ufalme wa Denmaki. Huko upepo hauishi, mvua ni jambo la kila siku, na kondoo ni wengi kuliko watu. Linalotuhusu zaidi ni hali ya jua. Mwezi wa Desemba, ule aliozaliwa Niels, jua la huko huchomoza kunako saa nne asubuhi, na ikifika saa tisa alasiri limekwisha kutua. Saa tano tu za mchana, na hizo nazo aghalabu ni za mawingu! Mwezi wa Juni mambo hugeuka, usiku wenyewe hauwi usiku na giza halishiki. Mtoto aliyekulia mahali kama hapo hawezi kulichukulia jua kijuujuu kama tunavyofanya sisi. Kwake yeye jua ni mgeni anayekuja na kuondoka.

Baba yake, Hannes Finsen, alikuwa afisa wa serikali na baadaye akawa gavana wa visiwa hivyo. Ukoo wao ulitoka Aisilandi. Mama yake aliaga dunia Niels akiwa na umri wa miaka 4, na baba akaoa mke mwingine ambaye alikuwa jamaa ya marehemu, akazaa naye watoto wengine. Kwa hivyo Niels alikulia katika nyumba yenye watoto wengi.

Sasa tuje kwenye mambo ya shule, maana hapa ndipo wengi wetu tutakapotega sikio. Alipelekwa Denmaki katika shule ya bweni iitwayo Herlufsholm. Mambo hayakumwendea vyema hata kidogo. Mwalimu mkuu alimwandikia ripoti iliyosema kwamba alikuwa kijana mwenye moyo mwema lakini mwenye uwezo mdogo na bidii haba. Wale waliowahi kubeba ripoti ya namna hiyo mpaka nyumbani wanajua jinsi njia inavyokuwa ndefu siku hiyo. Mwaka 1876 baba yake akamwondoa pale akampeleka Reykjavik, kule Aisilandi, katika shule aliyosoma yeye mwenyewe zamani. Alimaliza mwaka 1882 akiwa na umri wa miaka 21, akawa nambari 11 kati ya wanafunzi 15. Sisemi kwamba tufurahie kuwa nambari 11. Nasema tu kwamba sijui wale 10 waliomtangulia ni akina nani.

Mwaka huohuo wa 1882 aliingia Chuo Kikuu cha Copenhagen kusomea udaktari. Mwaka uliofuata, ugonjwa ukambisha hodi. Haukuwa ugonjwa wa kuja leo na kuondoka kesho. Ngozi nyembamba zinazofunika moyo, ini na wengu zilianza kuwa nene na ngumu polepole, mwaka baada ya mwaka. Moyo ukawa kama umefungwa ndani ya mfuko unaobana. Damu ikawa haizunguki vizuri, maji yakawa yanajikusanya tumboni, mwili ukawa mchovu wakati wote. Kwa kijana wa miaka 23 anayesomea udaktari, jambo la kutisha ni kwamba yeye mwenyewe alielewa kinachoendelea ndani yake, pengine hata kuliko walimu wake.

Chumba alichokuwa akiishi mjini Copenhagen kilielekea kaskazini. Labda wewe msomaji utauliza, kwani kuna ubaya gani? Hapa kwetu kwenye Ikweta, jua hupita juu ya utosi, nusu ya mwaka likielemea kaskazini na nusu kusini, hivyo kila dirisha lina zamu yake. Kule Ulaya jua hukaa upande wa kusini. Chumba kinachoelekea kaskazini hakipati jua la moja kwa moja ila kidogo sana wakati wa kiangazi. Finsen aliona kwamba akikaa chumbani siku nyingi alizidi kunyong'onyea, na kwamba akitoka nje juani alipata nafuu. Je, ilikuwa kweli au ni moyo tu ulichangamka? Hakujua. Ndipo akaanza kuangalia viumbe wengine.

Hadithi ya paka ndiyo inayosimuliwa zaidi juu yake. Siku moja akiwa dirishani alimwona paka amelala akiota jua juu ya paa lililokuwa chini ya dirisha lake. Kivuli kikasogea mpaka kikamgusa yule paka. Paka akainuka, akajisogeza mbele hadi penye jua, akalala tena. Kivuli kikamfuata. Akainuka tena. Mambo yakaendelea hivyo kwa muda, kivuli na paka. Sasa hebu niambieni, ni nani kati yetu hajawahi kumwona paka akiota jua? Hata mbuzi wa nyumbani hufanya hivyo asubuhi kukiwa na baridi. Watu wote waliona, Finsen akauliza. Alijiambia kuwa lazima kuna kitu ambacho mnyama anakipata katika mwanga ule, na akaazimia kukitafuta.

Alihitimu udaktari mwaka 1890 akapewa kazi chuoni ya kutayarisha maiti za kufundishia elimu ya mwili wa binadamu. Mwaka 1892 alimwoa Ingeborg Balslev, binti wa askofu. Mwaka 1893 aliacha kazi ya chuo ili apate muda wa utafiti, akawa anawapa wanafunzi wa udaktari masomo ya ziada ili familia ipate chakula. Mtu mgonjwa, mwenye mke, kuacha mshahara ili achunguze mwanga! Bila shaka wako waliomwona amerukwa na akili.

Majaribio yake ya kwanza yalikuwa ya kawaida mno, hata sisi katika maabara yetu tungeweza kuyafanya. Alichukua sanduku akalifunika kwa vioo vya rangi mbalimbali na kutia nyungunyungu ndani. Nyungunyungu wakaukimbia mwanga wa buluu wakajikusanya chini ya kioo chekundu. Kisha akajitumia yeye mwenyewe. Alijichora mkanda wa wino mweusi kwenye mkono, akauanika mkono juani kwa saa kadhaa. Ngozi isiyopakwa wino iliwiva ikawa nyekundu, ikauma, na baada ya siku chache ikageuka hudhurungi. Alipofuta wino alikuta ngozi ya chini yake imebaki nyeupe kama zamani. Akauanika mkono mara ya pili, safari hii bila wino. Kumbe sasa ule mkanda mweupe ndio ulioungua, na sehemu iliyokuwa imekwisha kuwa hudhurungi haikudhurika!

Hapo Finsen aliyapata mambo mawili. Kwanza, si joto la jua linalobadilisha ngozi, bali ni miale ya namna ya pekee, ile iliyo upande wa buluu na zambarau na ile inayopita hapo ambayo macho yetu hayaioni, ambayo leo tunaiita urujuanimno. Pili, rangi ya ngozi ni mwavuli. Msomaji, tazama mkono wako. Huo weusi ambao watu wengine katika historia waliutumia kutudharau ni kinga iliyotengenezwa na mwili dhidi ya jua la nchi zetu. Na ndiyo maana ndugu zetu wenye ualbino, ambao miili yao haitengenezi rangi hiyo ya kutosha, huungua vibaya na huweza kupata saratani ya ngozi wasipovaa kofia pana na nguo za mikono mirefu na kujipaka mafuta ya kuzuia jua.

Mwaka huo wa 1893 alitoa pendekezo lililomfanya ajulikane. Alisema wagonjwa wa ndui walazwe katika vyumba vyenye mapazia mekundu, ili miale inayochoma ngozi isiwafikie na makovu yapungue. Madaktari wa mji wa Bergen huko Norwe walijaribu wakasifu. Lakini baadaye wengine walipopima kwa makini hawakuona tofauti kubwa, na tiba hiyo ikaachwa. Kuteleza si kuanguka. Ndui yenyewe ilikuja kushindwa kwa chanjo, na mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, katika mji wa Merca nchini Somalia, mwaka 1977.

Nafika sasa kwenye kiini cha habari. Kulikuwa na ugonjwa ulioitwa kwa Kilatini lupus vulgaris. Lupus maana yake ni mbwa mwitu. (Usichanganye na ule ugonjwa mwingine wa siku hizi uitwao lupus, ambao ni wa kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe. Majina tu ndiyo yaliyofanana.) Huo aliokabiliana nao Finsen ulikuwa kifua kikuu cha ngozi. Vijidudu vilevile vinavyokula mapafu ndivyo vilivyokaa usoni na kuanza kula taratibu, aghalabu kwenye pua au shavuni. Ulianza kwa vipele vidogo, baadaye vidonda, mwisho pua ikawa haipo na mdomo umeliwa. Mgonjwa hakufa upesi. Aliishi miaka 10 au 20 akiwa hivyo, amejifunika kitambaa usoni, hana kazi, hana mchumba, watoto wakimkimbia njiani. Matibabu yalikuwa kukwangua kwa kisu au kuchoma kwa chuma cha moto na dawa kali, na mara nyingi ugonjwa ulirudi palepale kwenye kovu.

Mwaka 1877 Waingereza wawili, Downes na Blunt, walikuwa wameonyesha kuwa mwanga wa jua huua vijidudu. Mwaka 1882 Mjerumani Robert Koch alikuwa amemgundua kijidudu cha kifua kikuu. Finsen akazifunga habari hizo mbili pamoja. Ikiwa mwanga huua vijidudu, na kijidudu hiki kiko juu juu kwenye ngozi, kwa nini tusimwangazie? Ila jua lenyewe lisingetosha. Alitumia lenzi kuukusanya mwanga mahali pamoja, kama vile watoto watundu wanavyochoma karatasi kwa kioo. Ili asimchome mgonjwa, alitengeneza lenzi iliyo wazi ndani na kuijaza maji yenye rangi ya buluu, ambayo yalizuia joto na kuiruhusu ile miale aliyoitaka.

Tatizo likabaki moja, nalo ni Copenhagen. Utatibu watu kwa jua vipi mahali ambapo jua huadimika kuanzia Oktoba hadi Machi? Akaenda kuomba msaada kwenye kituo cha umeme cha mji. Siku hizo taa kubwa zilikuwa za vijiti viwili vya kaboni, na umeme uliruka kati yake kwa cheche ya mwanga mkali ajabu. Ukitaka kujua ulivyokuwa, pita pale kwa mafundi wa jua kali wanapochomelea madirisha ya chuma. Ile cheche inayokufanya ufumbe macho, ile ambayo fundi huitazama kwa miwani nyeusi, ndiyo jamaa ya taa ya Finsen. Na kama fundi akisahau miwani, usiku macho humwasha kama yametiwa mchanga, kwa sababu ya miale hiyohiyo ya urujuanimno.

Novemba 1895, katika kituo hicho cha umeme, Finsen alianza kumtibu mhandisi mmoja ambaye uso wake ulikuwa umeliwa kwa miaka mingi na ambaye alikuwa amejaribu kila dawa. Siku baada ya siku alikaa mbele ya taa. Miezi ikapita. Vidonda vikaanza kukauka na kufunga, na kovu lililobaki likawa laini. Habari zikaenea mjini. Mwaka 1896, kwa msaada wa watu wenye uwezo na baadaye wa serikali, Taasisi ya Mwanga ya Finsen ikafunguliwa.

Natamani ungeona jinsi walivyofanya kazi pale. Taa moja kubwa ilining'inia katikati, na kutoka kwake mabomba manne yenye lenzi yalishuka kama miguu ya buibui. Chini ya kila bomba alilala mgonjwa mmoja. Lenzi zilitengenezwa kwa jiwe la kwatzi, kwa kuwa kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno. Maji baridi yalipita ndani kuondoa joto. Kando ya kila mgonjwa aliketi muuguzi aliyevaa miwani nyeusi, akilikandamiza kwatzi dogo juu ya kidonda. Kukandamiza huko kulikuwa na sababu. Finsen alikuwa amegundua kuwa damu huzuia mwanga, kwa hiyo ilibidi isukumwe pembeni ili mwanga uingie ndani. Kila siku saa nzima, sehemu ndogo ya ngozi isiyozidi ukubwa wa sarafu, kesho sehemu nyingine. Uso mzima ungeweza kuchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Mimi kwa maoni yangu wauguzi wale walistahili kusifiwa pamoja na daktari, lakini historia haikuyaandika majina yao kwa herufi kubwa.

Kufikia mwaka 1901 zaidi ya wagonjwa 800 wa kifua kikuu cha ngozi walikuwa wametibiwa, na wengi wao ama walipona ama walipata nafuu kubwa. Watu waliokuwa wamejificha kwa miaka walirudi sokoni na kanisani na nyuso zao wazi. Mwaka 1900 Alexandra, binti mfalme wa Denmaki aliyeolewa Uingereza na ambaye mwaka uliofuata akawa malkia huko, alisaidia taa ya Finsen ipelekwe katika hospitali ya London Hospital. Miji mingine ikafuata.

Mwaka 1903 Finsen alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba, akawa Mdenmaki wa kwanza kupata tuzo ya Nobel. Robert Koch mwenyewe, aliyemgundua kijidudu, aliipata miaka 2 baadaye. Lakini Finsen hakwenda Stockholm kuipokea. Hakuweza. Wahenga walinena kuwa mganga hajigangi, na sijawahi kuona mtu ambaye methali hii inamwelea kama yeye. Alipokuwa akiwarudishia wengine nyuso zao, tumbo lake lilikuwa likijaa maji tena na tena na ilibidi yatolewe kwa sindano. Mwanga aliouamini haukuweza kuufikia ule mfuko uliobana moyo wake.

Hata hivyo hakuacha kuchunguza. Alijifanya yeye mwenyewe kuwa maabara. Alipima kila alichokula, kila alichokunywa na kila kilichotoka mwilini. Akatambua kuwa chumvi ilikuwa ikikusanyika ndani yake na kuvuta maji pamoja nayo, akaanza kula chakula kisicho na chumvi. Makala yake ya mwisho, ya mwaka 1904, yalihusu chumvi hiyo. Leo mgonjwa yeyote wa moyo akienda hospitali huambiwa apunguze chumvi. Sehemu kubwa ya fedha za Nobel aliitoa kwa taasisi yake na kwa wagonjwa wenye maradhi kama yake. Aliaga dunia tarehe 24 Septemba 1904, mwaka mmoja hata haujatimia tangu apewe tuzo.

Wengine wangeishia hapo. Lakini kuna jambo ambalo Finsen alilikaribia bila kulijua, nalo ni lile tunalosoma katika Biolojia kwa jina la vitamini D.

Katika miji ya Ulaya yenye viwanda, moshi ulilifunika jua na watoto waliishi vichochoroni. Wengi walipata matege. Mifupa yao ilikuwa laini, miguu ikapinda kama upinde, vifua vikatokeza. Baada ya Finsen kuwafundisha madaktari kuwa mwanga wa taa unaweza kuwa dawa, Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwaweka watoto wenye matege chini ya taa ya urujuanimno, na mwaka 1919 akaonyesha kwa picha za eksirei kuwa mifupa yao inakuwa migumu. Ajabu zaidi, alipoangaza mkono mmoja tu, mkono wa pili nao ulipona! Maana yake ni kwamba ngozi ilitengeneza kitu fulani ambacho kilisafiri kwa damu mwilini mzima. Wakati huohuo Mwingereza Edward Mellanby alikuwa akiwaponya mbwa wenye matege kwa mafuta ya ini la samaki, na Harriette Chick huko Vienna akaonyesha kwamba watoto huponywa kwa njia zote mbili, ya jua na ya mafuta hayo. Mwaka 1922 Mmarekani Elmer McCollum akakiita kitu hicho kilichomo katika mafuta vitamini D. Nadhani sasa unaelewa kwa nini watu wa visiwa kama Faroe, wenye jua dogo na samaki tele, walijaliwa namna ya kuishi.

Kazi yake yaenda hivi. Miale ya urujuanimno ikipiga ngozi, hubadilisha mafuta fulani yaliyo ndugu ya kolesteroli. Ini hukibadilisha tena kitu hicho, kisha figo. Hapo ndipo kinapoweza kuusaidia utumbo kunyonya kalsiamu ya chakula na kuipeleka kwenye mifupa. Bila vitamini D unaweza kunywa maziwa na kalsiamu nyingi ikapita tu. Na tusijidanganye kwamba kwa kuwa tuko Kenya basi tumepona. Matege yapo hapa pia, kwa mtoto anayefungiwa ndani mchana kutwa au anayekula chakula kisicho na kalsiamu ya kutosha. Kukaa darasani karibu na dirisha lililofungwa hakusaidii, kwa sababu kioo huizuia miale inayohitajika. Tena ule mwavuli wetu wa ngozi huifanya kazi iende polepole, kwa hivyo mtu mweusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko mweupe. Hapa nyumbani hilo si taabu. Lakini jamaa zetu waliohamia London hushauriwa na wakuu wa afya wa huko wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, mwaka mzima.

Je, vitamini D ndiyo iliyowaponya wagonjwa wa Finsen? Wengi wangependa iwe hivyo, maana hadithi ingefungika vizuri. Ni kweli kwamba mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha jinsi chembe za kinga zinavyoitumia vitamini hiyo kutengenezea silaha dhidi ya kijidudu cha kifua kikuu. Lakini huko Mongolia watoto wa shule zaidi ya 8,000 walifanyiwa jaribio la miaka 3, wengine wakipewa vitamini D na wengine wasipewe, na matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa haikuwakinga na maambukizo ya TB. Kwa hivyo mwenye TB asije akaacha vidonge vyake eti anaota jua. Vidonge hivyo ndivyo vilivyozizima taa za Finsen. Tangu dawa ya streptomaisini ilipopatikana katika miaka ya 1940, na nyingine zikafuata, hapakuwa tena na haja ya kulala saa nzima kila siku chini ya bomba la mwanga.

Jibu la swali hilo lilitoka Denmaki kwenyewe mwaka 2005. Watafiti walizitwaa lenzi na taa za zamani za Finsen wakazipima upya. Wakakuta kuwa lenzi pamoja na yale maji ya rangi zilikuwa zikiizuia sehemu kubwa ya ile miale ya urujuanimno ambayo yeye aliamini ndiyo inayoua. Kilichopita kilikuwa hasa mwanga wa zambarau na buluu unaoonekana kwa macho. Ndani ya kijidudu cha kifua kikuu mna kemikali ziitwazo porfirini, ambazo zikipigwa na mwanga huo huzalisha oksijeni ya aina kali, na hiyo ndiyo humuua mwenyewe. Wale wagonjwa wa Copenhagen walikuwa wamepona kweli, miaka zaidi ya 100 kabla ya mtu yeyote kujua sababu.